Kutoka Nangara Hadi Kwenye Theluji: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kilimanjaro Ukiwa Babati

Kutoka Nangara hadi lango la Marangu ni kilomita kama 290, lami mwanzo mwisho. Ukiondoka Babati na basi la alfajiri, ukabadilisha gari Arusha na Moshi, jioni unakunywa chai Marangu. Juu ya lango hilo, mwendo wa siku chache kwa miguu, kuna barafu na theluji. Watu wanavuka bahari kuja kuiona, na sisi wengi tunaijua kwa picha za kalenda tu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu, mkulima wa mbaazi, fundi, dereva wa bodaboda au muuza duka wa Nangara anayetaka kwenda mwenyewe, aipande na arudi salama.

Kama umewahi kuona kwenye televisheni watu wakiteleza kwa skii kwenye mabonde ya Uswisi, elewa mapema kwamba Kilimanjaro hakuna lifti wala njia za kutelezea. Unapanda kwa miguu yako na kushuka kwa miguu yako. Skii zilishafika lakini: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa nazo. Barafu ya wakati huo ilikuwa pana sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kufikia 2007, asilimia kama 85 ya eneo la barafu lililokuwepo mwaka 1912 lilikuwa limekwisha. Ukisema utaenda "siku moja", kumbuka kwamba barafu yenyewe haikusubiri.

Kabla ya yote: mlima unadai siku

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ubaki nalo hata ukisahau mengine yote. Kinachowarudisha watu njiani Kilimanjaro mara nyingi si udhaifu wa miguu. Ni kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea hewa.

Sababu yake ni hii. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Nangara, lakini mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mwili unaweza kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinabadilisha kemia ya damu, baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Kazi hiyo inachukua siku, na hakuna zoezi la uwanjani linaloweza kuifupisha. Kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kulemewa Kibo huku mama wa miaka 55 anayetembea taratibu akipita.

Kuzaliwa Babati kunakusaidia kidogo tu. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,350 juu ya usawa wa bahari. Uhuru, kilele cha Kibo, ni mita 5,895. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa angalia njia ya Marangu: kibanda cha Mandara kiko mita kama 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku unaruka mita elfu moja, mara mbili ya ushauri. Ndiyo maana safari ya siku tano kwa njia hiyo ni ya bei nafuu na pia ni mtego. Siku ya sita, ya kulala Horombo usiku wa pili, si anasa.

Kwa hiyo ukibanwa na pesa, punguza kingine chochote. Azima koti, lala gesti ya kawaida Moshi, usinunue kamera. Siku usipunguze.

Uende lini

Epuka masika, katikati ya Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba. Kipindi kizuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Kwa mkulima wa kwetu, Septemba inafaa zaidi: mahindi yameshaingia ghalani, mbaazi zimeuzwa au zinauzwa, na mvua za kupandia bado. Kama lengo lako hasa ni kukanyaga theluji mpya, Januari na Juni zina nafasi nzuri kwa sababu zinafuata mvua.

Tazama pia kalenda ya mwezi. Ukipanga usiku wa kilele uangukie karibu na mwezi mpevu, utaona njia hata tochi ikizimika.

Kila mwaka kuna misafara ya Watanzania ya kusherehekea Uhuru, Desemba 9, ikiwemo ile ya kampeni ya Twenzetu Kileleni. Ina raha ya kuwa wengi, na ina historia: usiku wa Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge huko juu. Ila jua kwamba hiyo ni vuli. Ukijiunga, nguo za mvua zije kabla ya kila kitu.

Uende njia gani

Njia ziko kadhaa: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe. Kwa kikundi cha kwanza kutoka Babati ningezungumzia mbili tu.

*Marangu, siku sita.* Mnalala kwenye vibanda vya mbao vyenye vitanda na magodoro, kwa hiyo hakuna mahema ya kubeba na wapagazi wanapungua. Gharama hushuka. Mteremko wake ni wa taratibu hadi Kibo. Kasoro yake nimeshaitaja: inaruka sana kila usiku.

*Machame, siku saba.* Mnalala kwenye mahema, baridi inasikika zaidi, na gharama ni kubwa kidogo. Lakini mwili unaipenda njia hii, kwa sababu kuna siku mnapanda hadi Lava Tower, mita kama 4,600, mnakula chakula cha mchana huku kichwa kikiuma, kisha mnashuka kulala kwenye bonde la Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili.

Bonde la Barranco peke yake linatosha kuwa sababu ya safari. Ukuta wa mwamba umesimama upande mmoja, barafu za kusini za Kibo zinaning'inia juu yako, na bondeni imejaa misenesio, mimea mirefu kuliko mtu ambayo haidondoshi majani yake makavu. Inayaacha yaning'inie kuzunguka shina yawe blanketi. Jioni, jua likishuka, yatazame majani mabichi ya juu: yanajikunja taratibu kufunika kichipukizi cha katikati kisigandishwe na usiku. Asubuhi yanafunguka tena.

Kama kwenye kikundi kuna mzee, au mtu asiye na muda wala pesa, safari ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi inawezekana. Hatakanyaga theluji, lakini hali ya hewa ikiwa safi ataiona kutoka mbali kidogo tu, akiwa amepita kwenye msitu wenye mbega.

Pesa na makaratasi

Hairuhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongoza watalii mwenye leseni, hata kama wewe ni Mtanzania na mjomba wako anaishi Kibosho. Mtapitia kampuni. Njia rahisi kwa watu wa Nangara ni kuunda kikundi cha watu sita hadi kumi na kuweka akiba kwa utaratibu wa kikoba, miezi kumi na miwili kabla. Wingi unapunguza gharama kwa sababu mwongozaji mkuu na mpishi wanagawanywa kwa wengi.

Fanya hivi:

1. Omba bei kwa maandishi kutoka kampuni tatu za Moshi, Marangu au Arusha. Waambie wazi kwamba ninyi ni raia wa Tanzania na mnataka siku sita Marangu, au siku saba Machame.
2. Dai mchanganuo. Lazima uonyeshe kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, ada ya kibanda au kambi kwa kila usiku, ada ya uokoaji, mishahara ya mwongozaji, wasaidizi, mpishi na wapagazi, chakula, na usafiri hadi langoni. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo inaficha kitu.
3. Hakikisha kiingilio kimekokotolewa kwa shilingi kwa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki. Ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Piga simu ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) zilizopo Marangu uthibitishe viwango vya mwaka huo kabla ya kulipa.
4. Omba kuona leseni ya biashara ya utalii ya kampuni, ile inayoitwa TALA, na uangalie mwaka wake.
5. Lipa kianzio kwa akaunti ya kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ada za hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Omba nakala ya stakabadhi.
6. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA. Asiye nacho ajipange mapema, asije akatozwa kama mgeni langoni.

Kosa la kawaida ni kukubaliana bei na kijana aliyekukuta stendi ya Moshi ukishuka na begi. Huenda ni mkweli. Lakini safari hii inagusa uhai, na huna namna ya kumjua kwa dakika kumi.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa: wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu, wanalipwa kiasi gani kwa siku, na wanakula mara ngapi? Mzigo wao una kikomo cha kilo 20 na unapimwa langoni. Kampuni iliyo rahisi kupita kiasi huwa imepata urahisi huo mgongoni mwa mtu.

Pima afya kabla hujalipa kianzio

Nenda Hospitali ya Mrara au hospitali ya rufaa ya mkoa, mwambie daktari unakwenda zaidi ya mita 4,000. Pima shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu, na kama hujawahi, selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende: hewa haba inaweza kuziba mishipa yake. Hata aliyerithi vinasaba upande mmoja tu, asiyeumwa kabisa nyumbani, anahitaji ushauri wa daktari, kwani wengu wake unaweza kuathirika juu huko. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mama mjamzito, nao wakae chini mwaka huu.

Muulize daktari kuhusu asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kama Diamox. Inasaidia mwili kuzoea, kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda, na itakukojoza mara kwa mara. Wenye mzio wa dawa za salfa wamweleze daktari kwanza. Usigawiwe kidonge na rafiki mlimani ukiwa hujawahi kukijaribu.

Mazoezi: tuna milima yetu

Mtu wa Dar es Salaam anafanya mazoezi kwenye ngazi za ghorofa. Wewe una Kwaraa nyuma ya mji, mita 2,415, na Hanang, mita 3,417, saa chache kwa basi la njia ya Singida. Ningeshangaa kuona kikundi cha Babati kinakwenda Marangu bila kuitumia milima hii miwili.

Mpango wa wiki kumi na mbili:

1. Wiki ya 1 hadi 4. Tembea saa moja, siku nne kwa wiki, kwa viatu utakavyopandia. Viatu vipya vinavyovaliwa mara ya kwanza langoni vimewarudisha wengi.
2. Wiki ya 5 hadi 8. Ongeza begi la kilo sita hadi nane. Jumamosi moja pandeni Kwaraa. Ni msitu wa hifadhi, na nyati na tembo huwa wanapita, kwa hiyo chukueni kibali ofisi ya misitu na mtu anayeijua njia.
3. Wiki ya 9 au 10. Hanang. Laleni Katesh, anzeni alfajiri na mapema kwa njia ya Jorodom, na kibali kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kikiwa mkononi. Kwenda na kurudi ni kazi ya kutwa nzima. Msitegemee maji njiani: kila mtu abebe lita nne.
4. Wiki ya 11. Punguza. Tembea mepesi.
5. Wiki ya 12. Pumzika, lala vya kutosha.

Hanang itakuambia ukweli kuhusu magoti yako wakati wa kushuka, kuhusu koti lako kwenye upepo wa ukingoni, na kuhusu nani kwenye kikundi anaficha maumivu. Huyo wa mwisho zungumzeni naye mapema.

Msipande Hanang wakati wa mvua kubwa. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlima huo vilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Miteremko ya mlima ule ni mikali na udongo wake ukilowa haushiki. Waheshimuni wenyeji wakisema leo siyo siku.

Nguo: mitumba ndiyo rafiki yako

Fanya hesabu kidogo. Hewa hupoa kwa nyuzi kama 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mchana wa nyuzi 25 Nangara unalingana na 10 Horombo, 3 Kibo, na karibu 5 chini ya sifuri Uhuru. Huo ni mchana. Wewe utapanda kilele usiku, na upepo juu yake.

Sasa habari njema. Makoti na suruali ambavyo Wazungu wanavaa kwenda kuteleza kwenye theluji vinafika kwenye marobota ya mitumba. Vitafute kwenye minada ya kwetu, au soko la Memorial pale Moshi. Koti la skii utalitambua kwa mambo mawili: ndani, kiunoni, kuna kama sketi fupi yenye lastiki na vifungo, ya kuzuia theluji isiingie kwa chini, na kwenye mkono, mara nyingi wa kushoto karibu na kiganja, kuna kimfuko kidogo chenye zipu, kilichowekwa kwa ajili ya kadi ya kupandia lifti. Ukiviona vyote viwili, shika hilo koti na uanze kulikagua:

1. Mwagia matone ya maji begani. Yakisimama kama shanga, bado linazuia. Yakinywea, litalowa.
2. Ligeuze ndani nje, liinue kwenye jua. Matundu na mishono iliyoachia itaonekana.
3. Fungua na funga zipu mara tano, kisha fanya hivyo ukiwa umevaa glavu. Zipu inayokwama sokoni haitafunguka Kibo.
4. Livae juu ya sweta mbili. Likikubana, liache.

Vaa kwa tabaka. Tabaka la ndani lisiwe pamba: pamba hunywa jasho, hubaki na maji, na maji yale huiba joto lako ukisimama. Jezi ya mpira ya mikono mirefu, kitambaa kile chepesi kinachokauka haraka, inafaa kuliko fulana nzuri ya pamba. Juu yake sweta za sufu au za manyoya laini. Juu kabisa lile koti.

> ORODHA YA BEGI. Weka alama kabla ya kufunga zipu
>
> ☐ Koti na suruali za kuzuia upepo na maji
> ☐ Sweta mbili nzito, nguo za ndani za kubana mbili
> ☐ Kofia ya sufu ya kufunika masikio, na skafu
> ☐ Glavu nyembamba na glavu nene za kuvaa juu yake
> ☐ Soksi nene jozi tatu. Jozi moja haiguswi hadi usiku wa kilele
> ☐ Viatu vya kupandia vilivyokwisha zoeleka, na ndala za kambini
> ☐ Mfuko wa kulalia wa baridi kali (Moshi unakodishwa; shuka la Kimasai halitoshi)
> ☐ Tochi ya kichwani na betri za akiba
> ☐ Miwani ya jua iliyo giza, mafuta ya kukinga jua, mafuta ya midomo
> ☐ Chupa ngumu za maji za lita tatu kwa jumla (chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini)
> ☐ Fimbo mbili za kutembelea
> ☐ Karanga, tende, kashata, glukosi
> ☐ Dawa zako, paracetamol, plasta za malengelenge
> ☐ Pedi za kutosha kwa wanawake, hata kama siku zako si wiki hiyo. Mwinuko huvuruga mzunguko
> ☐ NIDA na nakala ya stakabadhi

Miwani isichukuliwe kama urembo. Mionzi ya jua huko juu ni mikali na theluji inairudisha machoni kutoka chini. Macho yanaweza kuungua yakashindwa kuona kwa siku mbili. Mwenye ualbino avae kofia ya ukingo mpana, afunike shingo na mikono, na apake mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu.

Mlimani

Fikeni Moshi au Marangu siku moja kabla ya kupanda. Kushuka basi saa tisa usiku na kuanza kutembea asubuhi ni kupoteza nguvu ambazo mmezitafuta miezi mitatu.

Mwendo upimwe kwa maneno: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, unakwenda haraka. Wagumu watakupita na mizigo kichwani. Waache wapite, wao wamezoea. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku. Kula hata usipokuwa na hamu, kwa sababu hamu itapotea. Mtori, uji, wali na viazi vinapita vizuri. Nyama ya kukaanga haipiti. Pombe na dawa za usingizi hapana.

Siku ya kuzoea Horombo itumieni. Pandeni hadi Zebra Rocks au kuelekea Mawenzi, kaeni kidogo, rudini kulala. Anayebaki kitandani kutwa nzima ameitupa siku aliyoilipia. Mtandao upo: tangu Agosti 2022 huduma ya intaneti imefikishwa Horombo, basi pigeni simu nyumbani. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza betri.

Msiwashe moto wala kutupa vichungi vya sigara. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima upande huu, na mimea ya mwinuko ule inachukua miaka mingi kurudi.

> KISANDUKU CHA HATARI. Kisome kikundi kizima, kwa sauti
>
> Njano. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi kukataa. Mwambie mwongozaji. Pumzika, kunywa maji, meza paracetamol. Usipande zaidi hadi iishe. Ikizidi, shuka.
>
> Nyekundu. Kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, midomo kubadilika rangi. Hayo ni maji kwenye mapafu. Au: kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, kusinzia ovyo. Huo ni uvimbe wa ubongo.
>
> Kipimo: mtembeze mgonjwa hatua kumi kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ni nyekundu.
>
> Dawa ya nyekundu ni moja: kushuka, sasa hivi, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Oksijeni na dawa hununua muda tu. Msisubiri asubuhi. Msiache pesa mliyolipa iwaamulie.

Chagueni jozi kabla ya kupanda. Kila mmoja anamwangalia mwenzake asubuhi na jioni: amekula? Amelala? Anaongea kama kawaida? Mgonjwa wa ubongo huwa wa mwisho kujua kwamba anaumwa, na vijana wa kiume hasa wanaficha kwa aibu. Aibu hiyo imeua watu wenye nguvu.

Usiku wa kilele

Mnaondoka kibanda cha Kibo, au kambi ya Barafu kwa wa njia ya Machame, kuelekea saa sita usiku. Sababu ni mbili: changarawe ya mteremko huwa imegandishwa na baridi na inashika mguu, na mnapata mchana wa kutosha kushuka kabla mawingu hayajafunga.

1. Jioni kula mapema, panga nguo zote kwa mpangilio wa kuvaa, lala ukiwa na soksi kavu.
2. Jaza chupa maji ya moto, zivike soksi, zibebe kichwa chini miguu juu. Barafu huanza kuganda kwenye uso wa maji. Chupa ikigeuzwa, mdomo wake hauzibi.
3. Vaa pungufu kidogo ya unavyotamani kwa nusu saa ya kwanza. Ukitoa jasho mwanzoni, litakugandisha baadaye.
4. Hatua fupi. Vuta pumzi, hatua. Toa pumzi, hatua.
5. Mapumziko yasizidi dakika tano. Wakati wa kusimama, chezesha vidole vya mikono na miguu. Kidole kilichokufa ganzi na kuwa cheupe au kijivu kiseme mara moja.
6. Kwa njia ya Marangu, ukifika Gilman's Point, mita kama 5,685, umeshafika ukingo wa kreta. Kutoka hapo hadi Uhuru ni saa moja na nusu au mbili zaidi. Jiulize kama una nguvu za kwenda *na kurudi*. Kugeukia hapo ni halali kabisa, na hifadhi inatoa cheti chake.
7. Kileleni, dakika kumi na tano zinatosha. Ondoa glavu moja, ishike theluji, piga picha, shuka.

Kushuka na kuagana

Wengi wanaumia wakati huu, miguu imechoka na akili imeshafika Babati. Kaza kamba za viatu sehemu ya juu ili vidole visigonge mbele, refusha fimbo kidogo, kunja magoti kidogo. Kikohozi au kuhema kusikoisha mkishafika chini kunahitaji daktari. Mjini Moshi ipo hospitali ya KCMC.

Kubalianeni bahashishi kwenye kikundi kabla ya kupanda na iwekwe kando tangu siku za kikoba. Siku ya mwisho igawiwe mbele ya watu wote, mkononi mwa kila mmoja, kwa jina lake: mwongozaji, msaidizi, mpishi, na kila mgumu. Isipite kwa mtu mmoja wa kati. Nguo ambazo hamtazihitaji tena, zilizo safi na nzima, waachieni wagumu. Wengi wao wanapanda na makoti mabovu kuliko yenu. Rudisheni vifaa vya kukodi jioni hiyo hiyo, mkasaini pamoja na mwenye duka kwamba vimepokelewa, kisha mlale Moshi. Basi la Arusha na Babati mlipande kesho yake asubuhi.